Nikandro Wawili na Chupa ya Mafuta

Kila asubuhi sisi wavulana wa Tegea, mji wa Wagiriki, tulijipaka mafuta ya zeituni uwanjani, kisha tukaanza kukimbia. Mimi ni Nikandro mwana wa Damoni. Mtoto wa baba mkubwa ni Nikandro mwana wa Eupoli. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo Babu Nikandro alijikuta na wajukuu wawili wa jina lake: mmoja mtulivu, mwingine mimi.

Siku tatu kabla ya mbio za kupokezana mwenge hadi madhabahuni, kwa ajili ya kuendeleza elimu, nilitia asali katika chupa ya mafuta ya Mwalimu Glauko. Alijipaka kwa heshima zote. Nyuki wakamheshimu zaidi. Alizunguka uwanja kwa kasi ambayo hakuwahi kutufundisha.

"Nani?" alinguruma, jicho moja limevimba.

"Nikandro! Nimemwona mgongo," alisema mlinzi wa lango la uwanja.

"Yupi?"

"Migongo yao imefanana, nitaijulia wapi, mwalimu?"

Glauko akafikiri. Baba mkubwa hufuga nyuki. "Mwana wa Eupoli, hukimbii!"

Majira yote ya baridi ndugu yangu alikuwa akikimbia mlimani peke yake kwa ajili ya mwenge ule. Akanitazama. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Tangu hapo sikutulia. Nikiketi, nasimama.

"Una siafu?" rafiki yangu Mosko alinitania.

"Nyuki," nilijibu, na sikucheka.

Siku ya mbio ikafika. Ndugu yangu alisimama kando na Babu, ameshika mashuka waliyovua wakimbiaji. Mwenge ukawashwa. Miguu yangu ikanitoa mstarini yenyewe.

"Mwalimu! Asali niliiba mimi kwa baba mkubwa. Huyu hajui kitu!"

Nikala fimbo tatu mbele ya mji mzima. Ndugu yangu akapewa nafasi yangu, mimi nikapewa mashuka.

"Jina niliwapa moja," Babu alisema taratibu, "ila matendo kila mtu ana yake. Ukimtwika mwenzako kosa lako, jina lenyewe linakukimbia. Leo umelifukuzia ukalipata. Lishike."

Umati ukalipuka: "Nikandro! Nikandro!" Ndugu yangu alikuwa amefikisha moto madhabahuni bila kuzimika. Siku nyingine ningeinama kupokea sifa hizo. Siku ile nilipiga kelele kuwashinda wote, mikono imejaa mashuka yanayonuka jasho.