Uliona, ao Ulisikia?

Asubuhi Umurerwa anauza samaki wadogo wa sambaza sokoni Birere pamoja na mama yake. Alasiri anasoma historia chuoni. Nyumbani wanaishi na nyanya yake, Koko Clotilde, mama asiyekaa bure. Akimaliza kuchambua maharage, anamenya viazi.

Siku moja simu ya Umurerwa iliita. Mwanamke aliongea Kifaransa kutoka Ubelgiji.

"Mimi ni Aurélie, mjukuu wa Nyiramahirwe. Nyanya amefariki. Naomba jina lake lisomwe kwenye misa yenu ya kuombea wafu."

Nyiramahirwe alikuwa dada ya Koko Clotilde. Aliondoka Rutshuru akiwa msichana, na hakurudi tena.

Katika ukoo huu, majina ya misa hutolewa na mkubwa wa ukoo, Muzee Ndagijimana, kaka yao. Alikataa.

"Ule alitoroka na Wazungu. Aliitupa familia yake. Jina lake halitasomwa."

Umurerwa alitaka kujua ukweli. Alikusanya ukoo sebuleni, akaweka simu mezani irekodi. Muzee alirudia maneno yale yale. Wengine wote waliitikia kwa kichwa. Koko Clotilde aliangalia mikono yake tu.

Kesho yake Umurerwa alimpelekea jirani yao sauti ile. Jirani huyo, Papa Florent, ni mwalimu wa historia. Alisikiliza, akacheka kidogo.

"Binti yangu, hapa ulirekodi heshima. Historia bado."

"Lakini wote walikubali, Papa."

"Kwetu nani anapinga mukubwa mbele ya watu? Wewe unaweza?"

Umurerwa alitikisa kichwa.

"Basi, uliza kila mutu peke yake, akiwa kwenye kazi yake. Omba ruhusa kwanza. Kisha umuulize: uliona, ao ulisikia? Kama alisikia, alisikia kwa nani? Na usisahau watu wa ng'ambo. Mutu aliyeondoka, historia yake iko nusu huku, nusu kule."

"Wenzangu wanasema historia yetu iko kwenye makaratasi ya Ulaya tu."

"Makaratasi mengi yaliandikwa na Wazungu, mabwana wa kazi. Uyasome pia. Lakini yasiongee peke yake wakati Koko yako angali hai."

Umurerwa alirudi nyumbani, akaketi karibu na ungo wa maharage.

"Koko, naomba nirekodi."

"Na Muzee akikasirika?"

"Atanikasirikia mimi."

Koko alimtazama. "Haya, weka."

"Siku dada yako alipoondoka, uliona ao ulisikia?"

"Niliona. Nilishika nguo yake. Muzungu mwenye shamba la kahawa alitafuta mulezi wa mutoto wake. Baba mwenyewe alimupandisha dada kwenye gari. Dada alilia. Alivua shanga zake, akanivalisha."

"Juu ya nini hukusema miaka hii yote?"

"Nani aliniuliza?"

Umurerwa hakumwambia Aurélie maneno hayo. Alimpigia simu, akamuuliza tu: "Nyanya alikuambia nini kuhusu siku ya kuondoka?"

Aurélie alijibu: "Alisema baba yake alimpandisha kwenye gari. Alimwachia mdogo wake shanga zake."

Bahari iko kati ya Koko na Aurélie, lakini maneno yalikuwa yale yale. Umurerwa na Koko walienda kwa Muzee.

"Muzee, siku ile ulikuwa wapi?"

"Kwa mapadri, kwenye masomo."

"Basi uliona, ao ulisikia?"

"Baba aliniambia."

"Na baba yenu ndiye alimupandisha kwenye gari."

"Wewe mutoto unataka kuhukumu baba yangu?"

"Hapana, Muzee. Nakataa dada yenu ahukumiwe bila kusikilizwa."

Koko Clotilde alisimama. "Jina nitalipeleka mimi kwa padri."

"Mukubwa hapa ni mimi."

"Ndiyo, mukubwa ni wewe. Lakini siku ile mimi ndiye nilikuwa pale."

Jumapili padri alisoma jina la Nyiramahirwe, karibu na jina la baba yake. Aurélie alisikiliza kwa simu. Koko Clotilde aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nje ya kanisa, Muzee Ndagijimana alimwita Umurerwa pembeni.

"Kaburi lake," aliuliza, "liko sehemu gani kule?"

"Sijui, Muzee. Umuulize Aurélie wewe mwenyewe," Umurerwa alisema, akampa simu.