Kufuli Mbili za Ghala

Saa 1:10 asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea. Watu watatu, birika moja la chai, mtungi wa gesi umeegemezwa mlangoni.

"Kitendawili," alisema Mjomba.

"Tega," akajibu Fundi, mkwe wake.

"Nyumba yangu ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko huku, wa pili uko ng'ambo."

"Ghala la polisi."

"Akili zimekurudi."

Ndani ya ghala hilo ulikaa unga wao, ule uliokamatwa bandarini. Siku hizi polisi wa huku na wa ng'ambo wameshikana mikono. Kila upande na kufuli yake, mmoja asiuze mzigo mwenzake akigeuka. Leo wangefungua pamoja, waupeleke kwenye tanuri uchomwe. Askari wanne.

"Sisi watatu tutatosha?" Fundi aliuliza.

"Sifanyi kazi na mtu nisiyemjua mama yake."

Dereva alitazama kikombe. Mama yake na Mjomba walinyonya ziwa moja. Mjomba huyohuyo alimmezesha mdogo wa kike wa Dereva kete themanini za unga, akampandisha ndege. Mwaka wa pili huu yuko gerezani ng'ambo. Mpelelezi aliahidi: tupe Mjomba, binti atarudi.

"Mpwa, mbona hunywi?"

"Tumbo."

"Hilo tumbo la woga. Kunywa."

Saa 3:04. Gari lao liliingia uani mwa ghala kinyumenyume. Askari wakatoa kufuli ya kwanza. Ya pili. Mjomba akaruka chini, bastola mbele.

"Laleni!"

Askari walilala upesi mno. Fundi alivuta kiroba cha kwanza, akakipasua.

"Baba mkwe, huu mchanga."

Milango ya pembeni ikafunguka, polisi wakatoka. Fundi alikimbilia ukutani. Risasi moja. Akakaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala.

Dereva alikuwa ameambiwa hakuna atakayepigwa risasi.

Mjomba aligeukia gari. Injini ilikuwa imezimwa.

"Ni wewe," alisema, akatupa bastola.

Saa 3:11. Mpelelezi alimfunga Mjomba pingu, akamlaza kifudifudi. Halafu akamshika Dereva mkono.

"Mimi tena? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana binti arudi. Anafika Ijumaa."

Afisa wa ng'ambo alifungua faili. Mwishoni mwa karatasi palikuwa na sahihi ya mdogo wa Dereva, herufi za mviringo alizomfundisha yeye mwenyewe.

"Alieleza yote mwezi uliopita," mpelelezi alisema. "Nani alimmezesha. Nani alimwendesha mpaka uwanja wa ndege, akamwambia asilie mbele za watu. Anakuja kutoa ushahidi."

"Juu ya Mjomba."

"Juu yenu."

Pingu zikalia. Mjomba aliinua shavu kidogo kutoka sakafuni.

"Hebu muulize huyo mgeni. Mtoto amekonda?"

Mpelelezi hakutafsiri. Dereva naye alikuwa akisubiri jibu.