Barua ya Kambi Ilivyomtoa Wifi Yangu Nyumbani

Nina miaka ishirini na sita. Ninaishi Nyanungu kwa baba yangu, ingawa niliwahi kuwa mke wa mtu. Ndugu wasomaji, nawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ya msichana hawakai zizini. Wakiingia leo, kesho kaka yake anaolea. Ng'ombe wangu walimwolea kaka yangu Marwa. Mkewe, Rhobi, alinipenda kama tumenyonya ziwa moja. Akazaa mtoto wa kike, wakampa jina langu, Bhoke.

Mimi nimerusha mkuki tangu sekondari. Hata nilipoolewa Kewanja sikuacha. Nilishinda mkoa, nikashinda taifa, na majirani wakazidi kunicheka. Tulikuwa bado hatujapata mtoto ilipokuja barua... Serikali inanichukua kambini na wenzangu watatu, kocha yupo, posho ipo! Nililia kwa furaha.

Mume wangu alikataa katakata. Alisema mke wa mtu halali kambini. Nikienda, arudishiwe ng'ombe wake.

Ng'ombe gani? Baba alinikumbusha kwamba wako kwa wakwe wa Marwa. Wakitoka kule, Rhobi naye anatoka kwetu. Nilijua vizuri... lakini barua ilikuwa imenilevya. Nilimwambia Marwa avumilie mwaka mmoja tu, posho yangu itamrudishia mkewe. Nilisema hivyo kana kwamba hela ya serikali iko mfukoni mwangu. Kisha nikaondoka.

Wazee walikaa, ng'ombe wakaswagwa hadi Kewanja. Mmoja aliachwa kwa wakwe wa Marwa ili mtoto ahesabiwe wa kwetu, kwa hiyo Bhoke mdogo akabaki kwa baba yake. Siku anafungasha, Rhobi alinipigia simu. Aliniuliza neno moja tu: "Wifi, nilikukosea nini?"

Nilikata simu.

Mwezi wa tatu kambini, kocha alituita. Fedha zimepelekwa kwenye michezo yenye mashabiki, alisema, sisi wa mkuki tungoje bajeti nyingine. Posho hatukuwahi kuiona. Tumlalamikie nani? Kocha mwenyewe alikuwa ameshafunga begi lake.

Niliporudi kwa baba, mume wangu alikuwa ameoa mke mwingine kwa ng'ombe walewale. Na Rhobi? Baba yake alikwishapokea ng'ombe wa mzee mmoja wa Kerende... Nilikaa chini palepale uani.

Marwa hajanitukana hata siku moja. Angenipiga ningepata nafuu. Asubuhi anamkorogea mtoto uji, anamlisha, kisha anatoka kuchunga.

Wasichana wenzangu, sisemi mviache vipaji vyenu. Nasema ahadi ya serikali si ng'ombe. Kabla hujaikimbilia, tazama ni nani amejenga mji wake juu ya mahari yako, umwulize yeye kwanza. Mimi sikumwuliza Rhobi.

Wiki iliyopita kocha alipiga simu. Mchezo wetu umerudishwa kwenye orodha, na kama bado narusha niende majaribio. Nilimwambia Marwa kwamba siendi popote, nitabaki nimsaidie kulea.

Alikuwa anamfunga mtoto vifungo vya gauni. Hakuinua hata macho.

"Nenda," alisema. "Usipoenda, Rhobi atarudi?"