Mkutano wa Kaka Twalha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Amna alifagia uwanja, akawafungulia kuku na kumpelekea kaka yake chai. Siku hizi alikuwa na kazi nyingine pia: kumfukuza jogoo dirishani kwa Twalha, asije akawika katikati ya mkutano.

Twalha alikuwa akitengeneza programu za simu Dar es Salaam. Aliporudi Nachingwea, alisema kampuni imemruhusu kufanyia kazi nyumbani. Kila siku alivaa shati jeupe na tai, chini akabaki na msuli, kisha akaketi mbele ya kompyuta, simu sikioni, na kusema kwa sauti, "Ndiyo, bosi! Hilo niachie mimi!" Mama yao, Biasha, alijivunia sana, hata akawaomba majirani wasitwange asubuhi. Amna naye, aliyeongoza darasa kwa hesabu, alitaka kuwa kama kaka yake.

Ijumaa moja Amna na mama waliingia na chai na mihogo.

"Bosi, mradi unakwenda vizuri kabisa," Twalha alikuwa akisema. Ghafla simu ikaanza kuita palepale sikioni mwake. Alishtuka, nusura aanguke na kiti.

"Bosi gani huyo," mama akauliza, "unaongea naye kabla hajapiga?"

Twalha akalegeza tai. "Nimepunguzwa kazi, mama. Kampuni ilikosa wateja, tukapunguzwa wengi. Niliona aibu kukuambia. Umenisifu mpaka sokoni."

"Basi mimi hesabu nimeacha!" Amna akasema. "Nitaendesha bodaboda."

"Wewe?" mama akasema. "Juzi tu baiskeli ilikuingiza kwenye banda la mbuzi!"

Aliyepiga simu alikuwa mjomba Mahamudu wa Ruangwa. Mama alimpigia, akamweleza ukweli wote. Mjomba akacheka. "Mbona nilikuwa namtafuta yeye!" Alikuwa akikodisha mashine za kupulizia dawa mikorosho, na kila asubuhi wakulima waligombania zamu mlangoni kwake.

Twalha akasita. "Mimi niliyetengeneza programu za mabenki, nikapange zamu za mashine za dawa?"

"Kwani hayo mabenki yako wapi sasa?" mama akauliza.

Likizo ya Juni ilipofika, Twalha na Amna wakaenda Ruangwa. Twalha akatengeneza programu ya kumtumia kila mkulima ujumbe zamu yake inapofika. Jioni akabonyeza kitufe kwa mbwembwe.

Alfajiri waliamshwa na kelele. Wakulima wote, hadi wa kijiji cha Matambarale, walikuwa wamejaa uwanjani, kila mmoja akionyesha simu yake: "Zamu yako ni leo." Mzee Ignasi alikuwa amekumbatia mashine moja, na Mama Valentina ameikalia nyingine.

"Sema mtandao umesumbua," mjomba akanong'ona.

Twalha akamtazama mdogo wake, kisha akatoka nje. "Shikamooni, wazee wangu. Mtandao hauna kosa. Nimekosea mimi. Nipeni leo nirekebishe."

"Haya, rekebisha," Mama Valentina akasema, "lakini mimi hapa sishuki!" Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mchana kutwa Twalha alitafuta kosa, huku Amna akimsomea tarehe moja baada ya nyingine. Programu ilikuwa ikisoma majina tu, tarehe inaziruka. Aliporekebisha, zamu zikaenda bila ugomvi, na wenye mashine wengine pale mjini wakaja kumpa kazi.

Mama alipokuja kuwatembelea, alimketisha Twalha. "Mwanangu, kupunguzwa kazi si aibu. Humpata hata mtu hodari. Ila ulipotuficha, ulituzuia kukusaidia. Na wewe Amna, hakuna kazi isiyotikisika. Chagua unayoipenda, uijue vizuri, na usiache kujifunza."

Siku hiyohiyo Amna alimwomba kaka yake amfundishe kuandika programu yake ya kwanza. Ilijaa makosa. Wakaketi pamoja, wakaanza kuyarekebisha moja moja.