Chupa Kutoka Zarzis

Soko la samaki la Sfax, mkesha wa Iddi, si mahali pa kutafutia mchumba. Watu wanasukumana, sakafu inateleza, na wauzaji wanapiga kelele hadi mishipa ya shingo inawatoka. Lakini mapenzi yana adabu gani? Wided, aliyevaa gauni la kijani na ushungi mweupe, alishika mkia wa samaki mkubwa wa chumvi, kitoweo cha Iddi cha mji huo, wa mwisho kabisa mezani. Kichwa cha samaki huyohuyo kilikuwa mkononi mwa kijana mrefu aliyevaa koti la buluu la kazi.

"Kaka, achia. Mama ananingoja."

"Mimi wangu ananingoja na mwiko mkononi. Achia wewe, dada."

"Kwani unajua hata kumtoa chumvi?"

"Mimi ndiye ninayeitoa hiyo chumvi baharini! Niko maabara ya mabwawa ya chumvi. Naitwa Mundhir."

Wided akacheka. "Basi tuko ukoo mmoja. Mimi nafundisha maabara ya kemia chuoni. Chumvi naipima mchana kutwa."

Muuzaji akachoka nao. Akampasua samaki katikati, akawaambia Iddi njema na waondoke mezani pake. Mundhir alikwenda na kichwa, Wided na mkia, na kabla Iddi haijaisha kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake.

Majira ya joto Mundhir alimpeleka mabwawani. Maji yalikuwa mekundu ya waridi mpaka upeo wa macho, na heroe wamesimama ndani yake kwa mguu mmoja mmoja. Mundhir alichota maji ya bwawa la mwisho kwa kikombe.

"Onja. Mtu wa chumvi huonja kwanza, ndipo apime."

Wided akaonja, akatema. "We! Machungu kama shubiri!"

"Hiyo ni magnesiamu. Chumvi ya mezani ikiyeyuka, kila sodiamu huachana na kloridi moja. Magnesiamu huachana na kloridi mbili. Bwana ana wake wawili huyo."

"Wewe jaribu wawili uone. Nchi hii mke ni mmoja tu; sheria itakufunga, na mimi nitakuwa shahidi."

Wided alidondosha tone la maji yale katika bilauri ya maji safi, akakoroga. Hakuna rangi, hakuna ladha. Kisha akatoa mkobani kichupa cha nitrati ya fedha, dawa inayonasa kloridi, akatia tone moja. Wingu jeupe likazaliwa katikati ya maji, likashuka polepole. Kazi hiyo aliifanya mbele ya wanafunzi kila wiki, lakini siku ile nywele zilimsimama.

"Subhana Allah," Mundhir alinong'ona. "Ukiizimua chumvi, haipungui hata chembe. Nafasi tu ndiyo inayoongezeka."

Wakashikana mikono, wakilitazama wingu hadi likatua chini ya bilauri.

Baadaye Mundhir alihamishiwa Zarzis, kusini, mwendo wa saa nyingi. Ndipo wakaanza mchezo wao. Alimpa dereva wa teksi ya safari chupa ya chumvi ya mezani iliyoyeyushwa. Wided alichukua mililita kumi, akaongeza maji hadi ikatimia lita moja, akapima kloridi kwa ile nitrati ya fedha. Chumvi ikiwa milimoli sita kwa lita, kwa kipimo cha wakemia cha kuhesabu chembe, Mundhir anakuja tarehe sita jioni. Kutaja tarehe kwenye simu ilikuwa mwiko.

Ramadhani ilipoingia, alipiga simu.

"Roho yangu, kuna chupa njiani. Hii si kama zile."

"Ina nini?"

"Tarehe utakayoisoma nitashuka na mama, twende moja kwa moja kwa baba yako. Ukija kituoni, jibu ni ndiyo. Usipokuja, sitakuuliza tena."

"Mundhir! Unaniposa kwa chupa?"

"Ulitaka kwa samaki?"

"Ndiyo!"

Chupa ilifika mchana. Wided alikuwa amefunga, midomo imemkauka, na mtu aliyefunga haonji. Akazimua, akapima kloridi. Milimoli ishirini na nane. Tarehe ishirini na nane, Iddi ikiwa mlangoni! Jioni hiyohiyo alimpelekea fundi kitambaa cha gauni.

Tarehe kumi na nne, amemaliza kufuturu na mama yake, simu ikaingiza ujumbe wa Mundhir: "Nimekuelewa, dada Wided. Mungu akupe aliye bora kuliko mimi."

"Dada?" alisema kwa sauti. "Leo mimi ni dada?"

Akapiga. Simu imezimwa. Akaona ameachwa, na wala hajaambiwa kosa lake. Kiburi kikamwambia asipige tena, naye akakisikiliza, mjinga wa watu.

Jioni moja baada ya futari alichukua ile chupa aimwage. Maji yakamlowesha kidole, na kwa mazoea akakilamba.

Machungu kama shubiri.

Wided alisimama kama aliyepigwa na umeme. Magnesiamu. Kloridi mbili kwa kila moja. Kloridi ishirini na nane, chumvi kumi na nne! Kumbe tarehe kumi na nne Mundhir alishuka kituoni na mama yake, wote wamefunga, wakangoja hadi adhana, asitokee mtu. Akaketi sakafuni, ameikumbatia chupa, akaogopa jinsi kitu kisichoonekana kwa jicho kilivyoweza kumpokonya mume. Na maji hayakudanganya. Yalisema kweli tangu mwanzo.

"Mama, nimemkosea mtu."

"Basi mtake radhi, mwanangu. Usiingie na deni la mtu kwenye Iddi."

Kesho yake chupa ilirudi Zarzis na kikaratasi: "Maji ni yaleyale. Nilikuwa nimefunga, sikuonja. Usihesabu chumvi. Hesabu kloridi, uje."

Jibu halikuja.

Tarehe ishirini na nane Wided alisimama kituoni na gauni lake jipya. Teksi ziliingia, zikamwaga watu na vikapu, zikaondoka. Magharibi ilikaribia. Akaanza kumwomba Mungu kwa sauti, bila kujali nani anamsikia.

Teksi ya Zarzis ikasimama. Akateremka mama mtu mzima, amejitanda shuka jeupe la safsari.

"Wewe ndiwe uliyenikalisha hapa na njaa yangu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nilihesabu vibaya."

"Na huyu naye! Baba yake aliniposa kwa mdomo, yeye anaposa kwa maji machungu."

Nyuma yake alishuka Mundhir, amekonda, na samaki mkubwa wa chumvi mikononi.

"Nilijua umefunga, nikasahau," alisema. "Kosa ni langu."

"Ulipima?"

"Ishirini na nane. Nikarudia, ishirini na nane. Mara ya tatu sikuona kitu, macho yalikuwa yamejaa."

Wided alimtazama kama alivyolitazama lile wingu bilaurini.

"Kwa baba yako ni mbali?" mama aliuliza. "Samaki huyu ni mzito."

Wided akashika mkia, Mundhir kichwa. Safari hii hakuna aliyesema achia.