Shemeji Alisaini Mkataba wa Umeme, Mimi Nikanyamaza

Nina miaka sabini na tatu, nakaa Norsborg, pembeni mwa Stockholm huku Sweden, peke yangu, na shule yangu ni darasa la nne ambalo hata sikulimaliza. Naandika kwa mkono wangu. Ukikuta nimezunguka sana, ndugu msomaji, nivumilie. Nikienda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe nitaogopa, nitafunga daftari.

Jina langu Rajabu, kwetu Ujiji. Hapa Stockholm nimesafisha treni za chini ya ardhi miaka ishirini na sita. Kiswidi changu ni cha kusikia. Nakiongea vizuri tu, nawachekesha wenyewe. Kukisoma ndiyo siwezi. Ukinipa barua ya Kiswidi naishika mbali kidogo, natikisa kichwa, nasema mhh... kama daktari anayetazama picha ya mfupa. Ila sioni mfupa wala nyama.

Siri hiyo alikuwa anaijua marehemu mke wangu peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa ananisomea. Alipofariki sikumwambia mtu mwingine. Watu wa kwetu waliendelea kuniletea barua zao, Mzee Rajabu tusomee, Mzee Rajabu wewe mwenyeji. Nikawa nawauliza maswali mawili matatu, nakisia, na mara nyingi napatia. Unadhani kitu kama hicho kinaweza kuendelea bila kumponza mtu?

Sasa nikujulishe familia yenyewe. Donati na mkewe Anastazia ni Warundi, lakini walikaa kambini kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo Kiswahili chao na changu ni kimoja. Dagaa wetu ni wale wale. Donati tulifanya zamu moja kwenye treni, tukawa ndugu. Watoto wao wawili, Desideri na Klodina, wameniita baba mdogo tangu hawajajua kufunga viatu. Anastazia namwita shemeji, naye ananiita shemeji.

Donati alifanya jambo ambalo wengi wetu tuliliogopa. Alinunua nyumba. Si kubwa, ni zile za ukuta kwa ukuta zilizopangwa mstari, ila ina mlango wake na kipande cha udongo ambapo Anastazia anapanda mchicha, mwenyewe anauita lengalenga. Donati alifia humo, kwenye chumba cha chini. Baada ya mazishi Anastazia alikuwa na ombi moja tu hapa duniani: na yeye afie humo humo.

Watoto walikuwa wamehamia Göteborg, mji mwingine mbali na hapa, na walitaka kumchukua. Walibishana sana. Mwisho Desideri akasema sawa, mama, utakaa, mradi unaendesha mambo yako mwenyewe. Siku tukiona umeshindwa, tunauza. Nilikuwepo. Nilishuhudia.

Hapo ndipo umeme unapoingia.

Sisi wa kwenye maghorofa joto linakuja na kodi, hatujui linatoka wapi. Nyumba ya Anastazia si hivyo. Kila hita ukutani inakula umeme. Donati alilijua hilo, na mwaka mmoja kabla ya kufa alisaini mkataba wa bei isiyopanda wala kushuka, iwe baridi iwe jua. Ulikuwa umebakiza miaka miwili. Mimi sikujua thamani ya kitu kile. Nilichokuwa nakiona ni bahasha.

Maana huku umeme unaletewa bahasha mbili. Moja ya wenye nyaya, hao huwachagui. Nyingine ya wanaouza umeme wenyewe, hao unachagua, unaweza kulinganisha bei na kuhama. Leo najua. Wakati ule nilikuwa naamini kabisa kwamba mmoja kati ya wale wawili ni mwizi. Umeme mmoja, bili mbili? Nilikuwa nalihubiri hilo kila baada ya chai, na watu wananiitikia.

Mwezi wa tisa nikapigiwa simu na binti.

"Shikamoo baba," akasema.

Ndugu zangu, mnajua ni miaka mingapi sijaamkiwa hivyo kwenye simu ya biashara? Wajukuu wa watu hapa wananiambia hej, basi. Yule alikuwa na sauti ya Tabora, anavuta maneno taratibu. Akauliza afya, akauliza nyumbani, akanipa pole ya mke wangu. Alinishika hapo hapo. Alipofika kwenye habari ya umeme tayari alikuwa mwanangu.

Nikamuuliza kuhusu bili mbili. Akacheka kidogo, akasema baba, sisi tunamaliza hayo, bei yetu ni ile ile ya sokoni, watu wanaohama kwetu wanafurahi. Nilisikia nilichotaka kusikia: kwamba mwizi ameondolewa. Nikahama. Akasema nikimleta mtu mwingine nitapewa zawadi ya birika la umeme.

Kwa nyumba yangu haikuwa na madhara makubwa. Taa mbili, friji, jiko. Lakini mimi sikuishia kwangu. Jumanne moja nikavaa koti, nikaenda kwa shemeji.

Alisita. Naomba mlielewe hilo, alisita. Aliniambia, "Shemeji, huu mkataba ni wa mkono wa Donati. Nauogopa kuugusa."

"Donati angekuwepo angehama kabla yangu," nikamjibu.

"Umesoma masharti yao?"

"Nimesoma yote."

Nimesoma yote! Nilimtazama machoni nikasema hivyo. Nikampigia yule binti, na meseji ikaingia kwenye simu ya shemeji, ya Kiswidi, ndefu. Akaniuliza inasemaje. Nikamwambia inasema karibu. Akaingiza namba yake ya siri, ambayo huku ndiyo saini, mimi nikiwa nimemshikia simu. Ikawa imekwisha.

Baada ya siku kadhaa ikaja barua. Aliniletea mwenyewe mpaka kwangu, amevaa buti za mvua, akaninyooshea. Nikaishika mbali kidogo. Mhh. Nikamwambia hizi ni salamu za kampuni, weka tu. Ile barua, ndugu zangu, ilikuwa inamwambia kwamba ana siku kumi na nne za kubadili mawazo na kurudi alikotoka. Nami nikamwambia weka tu. Aliiweka kwenye droo ya jikoni.

Birika lilikuja kweli. Nikampelekea yeye, nikaonekana mtu mwema.

Ikaja baridi. Bei ya mkataba mpya ilikuwa inabadilika kila saa, na jioni ya baridi kali, watu wote wanapopika na kuoga, inapanda kama homa. Bili ya kwanza Anastazia alidhani wamekosea. Ya pili aliitia kwenye droo ile ile. Na ile kampuni ya zamani ikamtoza faini ya kuvunja mkataba wa Donati kabla ya wakati. Kuhama tena hakuwezekani, tulikuwa tumefungwa miaka miwili.

Nilianza kuona vitu. Nikienda kumtembelea nakuta anapika saa nane mchana, eti saa hiyo umeme ni rahisi. Chumba cha juu amezima hita. Mara inayofuata sebule nayo imezimwa. Alikuwa anaifunga nyumba yake chumba kimoja kimoja, kama mtu anayezima taa akielekea mlangoni. Akabakia jikoni, na koti mwilini.

Nikamuuliza kama watoto wanajua.

"Wakijua watauza," akasema. "Acha baridi ipite. Mwezi wa tatu si mbali."

Chumba cha Donati alikizima mwisho. Kipo na bafu dogo pembeni. Wiki ileile baridi ilizidi vibaya, maji yakaganda kwenye bomba, bomba likapasuka. Jirani ndiye aliyeona maji yakitoka chini ya mlango, akampigia Desideri. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nyumbani kwangu, kwenye joto la kodi, nakunywa chai.

Jumamosi watoto wote wawili wakafika. Waliniita na mimi. Kwa nini wasiniite? Mimi si baba yao mdogo?

Tulikaa jikoni watu wanne. Anastazia alichemsha maji kwa birika lile. Desideri alikuwa amefungua droo na kupanga karatasi zote mezani, na ile ya siku kumi na nne ilikuwa juu. Akaisoma taratibu. Kisha akamuuliza mama yake, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Mama, mkataba wa baba ulikuwa mzuri. Nani alikuambia usaini huu?"

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikajiambia, sasa atasema, na akisema nitakubali. Namwapia Mungu nilikuwa tayari kukubali. Nilichoshindwa ni kuanza.

Anastazia alinitazama kidogo tu, halafu akatazama meza.

"Sikumbuki," akasema.

"Hukumbuki? Ni mtu, ni simu, ni nini?"

"Sikumbuki, mwanangu. Nilisaini tu."

"Na barua hii hukuisoma?"

"Labda niliisoma. Nimesahau."

Huyu ni mwanamke anayekumbuka jina la kila mtoto aliyezaliwa kambini, na mwaka wake! Klodina akamgeukia kaka yake, wakaanza kuongea Kiswidi, wanadhani wanamficha mama. Mimi nilisikia. Klodina alisema ameanza kusahau, hawezi tena kukaa peke yake. Desideri akajibu kwamba na yeye ameona, koti ndani ya nyumba, vyumba baridi, karatasi kwenye droo, akili ya mama imechoka. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Baba mdogo, wewe uko karibu naye. Umeona dalili?"

Sentensi moja ilitosha. Ni mimi. Herufi sita, mtoto wa darasa la kwanza anaziandika.

Nikasema, "Umri, wanangu... umri ni kitu kizito."

Anastazia hakuinua uso.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nikamnong'oneza, shemeji, kwa nini hukunitaja?

"Ningekutaja vipi mbele ya watoto?" akasema. "Wewe ndiye baba waliyebakiwa naye. Ulikuja Jumanne, ulikuwa umenyoa, tena kidevu kinatoka damu. Nakumbuka mpaka ulichokula. Nenda ukawaambie wewe mwenyewe. Ukisema wewe ni heshima yako, nikisema mimi nakuvua nguo."

"Kesho," nikamwambia.

"Kesho wanarudi Göteborg."

"Nitawapigia."

Akanifungia mlango polepole, kwa sababu ya joto.

Sikupiga. Siku ya kwanza nilisema wapo safarini. Ya pili nikasema ni siku ya kazi, wamechoka. Baada ya hapo sikuhitaji hata sababu. Kila nikishika simu naona ile barua, na nyuma ya barua naona swali lingine: baba mdogo, kwani hukuisoma? Nilikuwa nalinda nini hasa? Darasa la nne. Nilikuwa nalinda darasa la nne lisijulikane, na kwa ajili ya hilo nikaiacha nyumba ya mtu iende.

Wakamtafutia pa kukaa huko kwao Göteborg. Wakampigia mtu wa kuuza nyumba. Watu walikuja kuitazama, wakavua viatu mlangoni, wakapima chumba cha Donati kwa hatua. Anastazia alikuwa anakaa jikoni wakati wanapima. Siku ya kuhama nilikwenda kubeba maboksi, ndiyo, nilibeba, mgongo wangu huu huu. Alinisubiri nimalize. Aliniambia tu nisisahau kula. Akapanda gari.

Nilimpigia Desideri wiki mbili baadaye. Sijui kilichonisukuma, labda kimya cha Jumamosi. Nilimweleza yote bila kupumua: binti wa simu, Jumanne, meseji niliyosema inasema karibu, barua. Nikamwambia na lile ambalo hakuna aliyelijua, kwamba sijui kusoma Kiswidi. Nikamwambia mama yako hajasahau kitu, alikuwa ananisitiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tumekabidhi funguo jana," akasema.

Nikamuuliza hakuna namna? Akasema hakuna. Akasema alimpeleka mama yake kwa daktari kupimwa kumbukumbu, naye alikataa kujibu maswali, wakaandika kwamba hashirikiani. Halafu akasema, "Asante kwa kunipigia, Mzee Rajabu."

Mzee Rajabu. Hajaniita baba mdogo tena tangu siku ile, na Klodina pia. Wananisalimia vizuri, wana adabu, walilelewa vizuri. Nikiomba kuongea na shemeji naambiwa amelala. Saa yoyote ninayopiga, amelala.

Ndugu msomaji, sikukatazi kuhama kampuni ya umeme. Linganisha bei, hama, ni haki yako. Ila kabla hujagusa mkataba, uliza wa zamani umebakiza muda gani, na huo mpya bei yake inakaa au inatembea. Karatasi usiyoielewa mpelekee anayeielewa, hata awe mtoto wa jirani, hata akucheke. Kuchekwa kunapita siku hiyo hiyo.

Lakini hilo la umeme mtajifunza popote. Langu ni hili. Ukikaa kwenye meza na mtu anajitwisha kosa lako ili usiaibike mbele ya watoto, usimshukuru moyoni. Fungua mdomo palepale, wakiwa wote bado wamekaa na hakuna aliyeshika simu kumtafuta mnunuzi. Usiseme kesho. Mimi nilisema kesho mlangoni kwake, na sasa mlango ule unafunguliwa na watu nisiowajua. Napita pale nikienda dukani Hallunda. Wameng'oa lengalenga, wameweka mawe.