Kigoda Kilichozama Kulia

"Sema tena, Eustadia! Sema mchumba wangu mwizi, watu wote wasikie!"

"Nisemeje tena? Nimeshasema mpaka bodaboda wamezima pikipiki!"

Kweli walikuwa wamezima. Ukigombana pale mtaani Ng'ambo hukosi wasikilizaji, tena mbele ya duka la vitu vya kale la mzee Raymundi, baba yake Apolinaria, huyo aliyekuwa akifoka. Familia ikifiwa, Raymundi ndiye aliyeitwa kuthamini vitu vya marehemu kabla warithi hawajagawana. Siku hizi alimtuma Leodgar, mchumba wa Apolinaria. Matangazo ya ndoa yao yalishasomwa kanisani mara mbili.

Eustadia, jirani wa nyumba inayotazamana na duka, akakibwaga kigoda chini.

"Leodgar alichukua kigoda cha marehemu mama, eti akakithamini. Akanirudishia hiki. Kinuse!"

"Kinanuka ukale."

"Kinanuka maji ya tumbaku, mdogo wangu! Kimepakwa juzi kionekane cha kale. Mama aliumwa nyonga, maisha yake yote alikaa kiupande. Kigoda chake kimezama kulia. Hiki kimelala sawa kama meza ya karani!"

"Una wivu tu wewe! Mumeo alikukimbia, sasa unataka na wangu—"

Apolinaria akaliacha tusi katikati. Kimezama kulia?

Siku ya posa Leodgar alileta kigoda kimefungwa kitenge. "Cha bibi yangu," alisema, wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi alipokikalia akaanza kuteleza kulia, nyumba nzima ikacheka: "Mkwe katuletea punda!"

Akaingia dukani, akamwandikia Leodgar ujumbe kwenye simu.

"Mpenzi, kile kigoda cha posa ulikitoa wapi?"

"Kwa bibi, kule Sikonge. Kwani vipi mamaa?"

Kabla hajajibu, ukaingia mwingine.

"Kifunike kwanza. Eustadia asikione."

Jina la Eustadia yeye hakulitaja. Akapiga simu.

"Leodgar, uliniposa kwa kitu cha wizi?"

"Apolinaria, nisikilize. Mimi mtoto wa mkulima wa tumbaku. Baba yako amezungukwa na vitu vya machifu, ningemletea nini? Nilifanya kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu! Kila asubuhi nakifuta vumbi nikikuwaza wewe, kumbe nafuta cha marehemu wa watu."

Akakata. Sebuleni, nyuma ya duka, baba alikuwa anakunywa kahawa.

"Baba, kigoda cha Leodgar ni cha mama yake Eustadia."

"Najua."

"Umejua leo?"

"Mwanangu, nimezeekea kwenye vitu hivi. Nilikijua alipofungua tu kitenge."

"Na posa ukapokea?"

"Duka linataka mtu mwenye jicho na mkono mwepesi. Na wewe ulikuwa unampenda. Nani angeumia?"

Apolinaria alimtazama kama mtu anayetazama kitu cha dukani ambacho amegundua ni cha bandia. Akajitwisha kile kigoda cha posa.

"Jumapili nenda ukamwambie padri asisome."

Akapita mbele ya bodaboda, akavuka barabara. Hata wale wenye midomo walimpisha.

"Hodi."

Eustadia alikuwa anapakua. Alikipokea kigoda, akapitisha kiganja pale palipozama, akakiacha kiganja hapo hapo.

"Haya, umekuja kumalizia matusi?"

"Nimekirudisha. Ndoa haipo."

"Baba yako anasemaje?"

"Alijua tangu siku ya posa, nilipoletewa hiki."

Eustadia akasonya, sonyo refu la kufika mpaka dukani.

"Yale ya mume wangu sijakusamehe."

"Najua, dada."

"Basi usisimame mlangoni, umbea wa leo wameshashiba. Ingia ule. Ni ugali na mlenda, karanga nimezimwaga humo tele." Akakisukuma kigoda kwa mguu. "Kalia hicho hicho. Shika ukuta tu, kinateleza."